Mashine Iliyokariri Vidole Vyangu

Siku ya hitima ya Bi Rukia, watu walipokwisha kula na sufuria zikaanza kuoshwa uani, mjukuu wake Salma alikuja kukaa karibu nami mkekani na kompyuta yake mapajani. Aliniomba radhi. Anafanya kazi Dodoma, kazi ya kuandika programu, na ofisini kwao walikuwa wamemruhusu siku tatu tu. Nikamwambia aendelee, mimi sina neno. Nikamtazama akibonyeza vitufe kwenye mstari mmoja, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akabonyeza kitufe kimoja, na mistari yote iliyokuwa chini ikajirekebisha yenyewe. Aliponiona nimekodoa macho, alinieleza kwa ule upole ambao vijana huwawekea wazee kwamba hiyo inaitwa makro: unafanya kazi mara moja, mashine inakumbuka mibonyezo yako, halafu inairudia. Nikamwambia naijua. Akatabasamu kwa heshima, tabasamu la mtu asiyeamini. Nikamuuliza kama ameuanza mstari mwanzoni kabisa, na kama amemalizia mwanzoni mwa mstari unaofuata. Mkono wake ukasimama juu ya vitufe.

"Bibi, hayo umejifunzia wapi?"

"Hapahapa Singida," nikamjibu. "Na aliyenifundisha hilo la mwisho ndiye tuliyemsomea hitima leo."

Hakuwahi kuambiwa. Bi Rukia hakuwa mtu wa kujisimulia, na watoto wake walimjua kama mama aliyekuwa akipiga chapa ofisi ya maji, basi. Nilimsimulia Salma mambo machache pale mkekani, lakini njiani kurudi nyumbani niliona nimemnyima sehemu kubwa. Ninayaandika hapa yote, kwa sababu nimeshafika umri ambao naweza kusema bila haya kwamba kuna jambo moja maishani nililifanya vizuri sana, na sikulifanya peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ni miaka ile serikali ilipokuwa inaachia biashara mikononi mwa watu. Ghala la shirika la umma lililopakana na ofisi yetu lilikuwa limeuzwa, na mahali tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, mfanyabiashara mmoja alikuwa amepanga magodoro, redio na marobota ya mitumba, na muziki ulipigwa humo kutwa nzima. Maneno mapya yaliingia mjini pamoja na bidhaa. Watu walisema soko huria, walisema ubinafsishaji, na sisi wenye ajira tulinong'ona lile lililotukosesha raha, yaani kupunguzwa. Mimi na Bi Rukia tulikuwa wapiga chapa wa mradi wa maji vijijini. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili zilizotazamana, taipureta mbili, kabati la mafaili ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba, na dirisha la upande wa mashariki ambalo upepo wa Singida uliingiza vumbi hata likiwa limefungwa. Kila asubuhi kabla ya kazi tulifuta rola kwa kitambaa chenye spiriti, na hadi leo nikisikia harufu ya spiriti huwa nasikia njaa, kwa sababu baada ya kufuta tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu ambavyo Bi Rukia alivileta vikiwa bado na moto ndani ya kitambaa.

Yeye alikuwa amepita miaka hamsini. Aliandika bila kutazama vidole, kanga begani, kichwa kimeelekea karatasi anayoinakili kama mtu anayesikiliza habari. Baada ya kuandika, hakutoa ukurasa wowote mlangoni kabla hatujausoma kwa sauti, mmoja akisoma nakala ya kwanza na mwingine akifuatisha ya pili kwa rula. Niliona ni kupoteza muda. Nilikuwa mpangaji wake pia. Nilikaa chumba cha uani nyumbani kwao, nyuma ya duka la kaka yake, na kwa hiyo mtu aliyenisahihisha ofisini ndiye aliyeniuliza jioni kwa nini sijala. Ijumaa waliponipa wali na mchuzi wa kuku, mimi Jumapili nikitoka kanisani niliwapikia ugali wa uwele na mlenda, na kaka yake, ambaye wazee wake walitokea pwani, aliula mlenda ule huku akiucheka na kuongeza.

Kompyuta ilikuja mwanzoni mwa mwaka, mvua zikiwa bado zinanyesha. Iliwekwa chumba kilichokuwa stoo, upande wa pili wa ukuta wetu wa mbao. Walipaka rangi nyeupe, wakaweka pazia na kufuli jipya, na ikatolewa amri kwamba hakuna kuingia na viatu. Aliyekuja nayo ni Bwana Mkumbo, mtu wa Iramba aliyesoma nje, mwembamba, mwenye haraka, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika programu ya mradi, ile ambayo ingeonyesha kila kijiji cha mkoa kina maji gani na kipi kichimbiwe kisima kwanza. Meneja wetu, Bwana Msengi, aliniteua mimi nijifunze kwake kuingiza majina ya vijiji. Bi Rukia hakuteuliwa. Meneja alisema macho ya mtu mzima hayataweza kioo kile, akasema mbele yake, naye Bi Rukia akaendelea kuandika bila kupunguza mwendo.

Wiki ile ile nikasikia lililobaki. Nilikuwa peke yangu chumbani, Bi Rukia amekwenda kuswali, na meneja alikuwa akizungumza kwa simu ofisini kwake, upande wa pili wa ukuta mwingine wa mbao. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama watu wote walivyofanya na simu za wakati ule. Alisema ana wapiga chapa wawili na mashine moja. Alisema mwaka wa fedha ukiisha atabaki mmoja, kijana, na yule mtu mzima atapewa barua. Nilikaa vidole vyangu viko juu ya taipureta, siandiki. Nakumbuka aibu niliyoona, na nakumbuka, chini ya aibu ile, kijifuraha kidogo kwamba si mimi. Bi Rukia alirudi akakaa, akaniuliza mbona nimekaa hivyo. Nikasema utepe wa wino umekwama. Nilikula nyumbani kwake wiki nyingi baada ya hapo nikiwa na siri ile.

Bwana Mkumbo alinionyesha makro mara moja tu. Ilikuwa asubuhi, alitaka kuongeza neno lilelile mbele ya mistari ya programu, na aliposhika mchanganyiko fulani wa vitufe kioo kikaandika chini, kwa herufi ndogo, kwamba kinarekodi. "Sasa inakusikiliza," akasema. "Kila unachobonyeza inakariri. Ukikosea, inakariri kosa." Alibonyeza vitufe vyake, akasimamisha, akaamuru irudie mara hamsini. Kile kimstari kinachowaka na kuzima, kinachoonyesha ulipo, kikakimbia chini ya kioo kikiacha neno nyuma yake kila kilipopita. Nilikuwa nimeandika kwa taipureta miaka mitatu. Nilijua uzito wa kuandika neno moja mara hamsini, nilijua mahali mgongo unapoanza kuuma. Niliomba anionyeshe tena. Akasema ipo kwenye kitabu, akanisukumia kitabu cha Kiingereza kinene kama msahafu. Mwezi uliofuata aliacha kazi. Kampuni moja binafsi ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita, na hakuna aliyemlaumu. Miaka ile kila mwenye ujuzi alikuwa akiitwa mahali.

Aliacha programu haijakamilika. Ndani yake mlikuwa na majina ya vijiji vyote, kila kijiji na mstari wake. Matokeo ya wapimaji, yaani kina cha maji na hali ya kisima cha kila kijiji, yalikuwa kwenye faili lingine nililoliandika mimi, mstari kwa mstari, kwa mpangilio uleule wa vijiji. Kazi iliyobaki ilikuwa kuviunganisha: kuchukua kila mstari wa faili la pili na kuubandika mwishoni mwa mstari wake katika programu. Hakuna aliyeona haraka, mpaka siku ambayo ujumbe ulitoka makao makuu Dodoma. Mtambo wa kuchimba visima ulikuwa umemaliza kazi ulikokuwa, na ungekuja kwetu iwapo programu yenye orodha kamili ingewafikia katika siku kumi. Isipowafikia, mtambo ungepelekwa mkoa mwingine, na zamu yetu hakuna aliyejua ingerudi lini. Bwana Msengi alimpigia simu Bwana Mkumbo, akajibiwa kwamba hawezi kuacha kazi mpya. Akatuita sote wawili, akauliza kuandika upya kwa mkono kutachukua muda gani. Bi Rukia alitazama rundo la karatasi za wapimaji, akasema, kwa kompyuta moja na mtu mmoja, wiki sita. Hakuwahi kukosea makisio kama hayo.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema nitaifundisha mashine iunganishe yenyewe. Meneja aliniuliza kama Bwana Mkumbo aliniachia njia. Nikasema ameniachia kitabu.

Siku mbili za kwanza nilisoma kitabu kile na kamusi ya shule, nikiandika maana kwa penseli pembeni. Siku ya tatu nikarekodi. Nilifungua mafaili yote mawili, moja juu ya kioo, jingine chini. Nikachukua mstari chini, nikaruka juu, nikabonyeza mshale wa kulia mara saba hadi mwisho wa jina la kijiji, nikabandika, nikashuka. Kijiji cha kwanza kwenye orodha kilikuwa Sekenke, herufi saba, kikatoka kizuri kabisa. Nikaamuru irudie kwa mkoa mzima. Kioo kilitikisika na kukimbia kwa dakika kadhaa, nami nikifurahi, na kiliposimama nikaona nilichofanya. Unyambwa ina herufi nane. Mashine ilikuwa imehesabu saba kama nilivyoifundisha, ikachomeka kina cha maji katikati ya jina na kuiacha ile a ya mwisho imening'inia upande wa pili. Kila jina refu lilikuwa limekatwa shingo, na majina mafupi yalikuwa yamekula mistari ya jirani. Nilimshukuru Mungu kwamba kabla ya kuanza nilinakili mafaili kwenye disketi. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Ni tabia niliyokuwa nayo ya kutunza nakala ya karatasi.

Jioni ile nilishindwa kula. Tulikuwa barazani nyuma ya duka, mbele yetu kuna chapati na maharage, na ndani kaka yake alikuwa akisikiliza taarifa ya habari. Bi Rukia aliniuliza kazi imekwendaje. Nikamweleza kwa kifupi, nikidhani haitamhusu, lakini aliuliza tena, akataka kujua kila kitufe. Nikachukua karatasi nikamwandikia mibonyezo yangu kwa mpangilio. Aliishika karibu na taa na kuisoma kama alivyosoma hati mkato, midomo ikicheza. Alisema kwanza kwamba mwisho wa mstari hauhesabiwi, unatafutwa. Je, hakuna kitufe cha kwenda mwisho moja kwa moja? Kilikuwepo. Nilikuwa nakitumia kila siku na sikukifikiria. Kisha akaweka kidole chini ya karatasi, mahali nilipoishia.

"Hapa umeshuka mstari, lakini hujarudisha kigari."

Nilimwambia kompyuta haina kigari, kile chuma cha taipureta kinachobeba karatasi. Akasema anajua haina. Alisema mtu anayeandika jedwali kwenye taipureta, akishuka bila kusukuma kigari mwanzo, mstari wa pili unaanzia ulikoishia wa kwanza, na wa tatu mbele zaidi, mpaka ukurasa unakwenda upande kama ng'ombe walioachiwa. Kama mashine inarudia vidole vyangu, basi kila mara vidole viiache pale vilipoikuta, mstari mmoja chini. Juu na chini, kwenye mafaili yote mawili. Nikaitazama ile karatasi, nikaona ni kweli, na nikaona kwamba katika kitabu chote kile kinene sikuwa nimelikuta jambo hilo limesemwa waziwazi hivyo.

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuweza kuendelea kupokea. Nilimwambia nilichosikia ukutani, kwamba kazi hii nikiiweza, ndiyo itakayomtoa yeye. Alikunja chapati, akachovya, akatafuna kwanza. Akasema ule ukuta ni wa mbao kwake pia. Alisikia siku nyingi kabla yangu. Nikamuuliza kwa nini basi ananisaidia. Alinitazama kama alivyonitazama nikiacha kosa la herufi.

"Vijiji vile vimeandikwa na mikono yetu, Yustina. Unataka vifike vimeharibika?"

Nimekuwa bosi wa watu tangu hapo, nimeendesha mafunzo, nimekaa vikao vya watu wenye shahada nyingi. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya kwa nini mtu afanye kazi yake vizuri.

Kesho yake nilirekodi upya. Mwanzo wa mstari chini, chukua, shuka, rudi mwanzo. Ruka juu, nenda mwisho, bandika, shuka, rudi mwanzo. Nilijaribu mara tano, mara kumi, nikaona kila mstari umekaa sawa. Nikaamuru irudie kwa yote iliyobaki, nikaweka mikono mapajani. Watu wa sasa hawawezi kujua ilivyokuwa. Mashine ilikuwa ya polepole, mtu aliweza kuona kazi ikifanyika: kimstari kinashuka, kinaruka, kinabandika, kinarudi, kinashuka, na ndani ya kila mruko nilitambua vidole vyangu mwenyewe, hata kusita kwangu kidogo kabla ya kubandika nilidhani nakuona, ingawa mashine haikariri kusita. Ilikuwa kama kusikia sauti yangu redioni. Kazi ya wiki sita iliisha kabla chai yangu haijapoa. Nilipofika chini kabisa, vijiji viwili vya mwisho vilikuwa na maelezo yanayofanana, sikushtuka. Nilitoka mbio bila viatu kwenda kumwita meneja.

Bwana Msengi alipeana mikono nami mara mbili. Alitaka disketi ifungwe palepale, aondoke na basi la asubuhi. Bi Rukia, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuingia, akasema hatujaisoma. Meneja akamwambia, bila ukali, kwamba haya si mambo ya taipureta, kompyuta haikosei.

"Kompyuta haijafika Mitundu," akasema Bi Rukia.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akikitaja kijiji cha mbali upande wa Itigi. Tulikuwa bado na siku sita mkononi. Meneja alitazama saa, akanitazama mimi, na mimi, ambaye kwa miaka mitatu nililiona zoezi lile ni kupoteza muda, nikasema tusome. Tukachapisha orodha kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, printa ikilia mchana kutwa, na siku ya pili asubuhi tukakaa chumbani kwetu, yeye na karatasi za wapimaji, mimi na orodha na rula. Kusoma kijiji kwa kijiji ni kazi ya kuchosha. Nilisoma jina, kina, hali. Naye akajibu ndiyo. Iramba ikapita. Singida vijijini ikapita. Tukala karanga za kukaanga bila kusimama. Tulipoingia upande wa Itigi nikasoma Mitundu, kisima kirefu, pampu nzima, maji ya kutosha. Hakujibu ndiyo. Nikainua macho. Alikuwa ameweka karatasi mezani. Alisema familia yao imenunua asali Mitundu miaka mingi, na amelala kule zaidi ya mara moja, na wanawake wa kule wanachota kwenye bwawa pamoja na ng'ombe. Hakuna pampu. Akaangalia karatasi ya mpimaji: hakuna pampu. Pampu ile ilikuwa ya kijiji kinachofuata kwenye orodha.

Tukarudi nyuma mstari mmoja, tukaona. Bwana Mkumbo alikuwa amejiandikia humo ndani ya programu maelezo mafupi, kwamba kuanzia hapo ni vijiji vya Itigi. Ulikuwa mstari kama mingine, ila si kijiji. Mashine haikujua tofauti. Ilibandika kisima cha Mitundu kwenye yale maelezo, kisima cha jirani ikakipa Mitundu, na kutoka hapo hadi mwisho wa orodha kila kijiji kilikuwa kimevaa shati la mwenzake, ndiyo maana vile viwili vya mwisho vilifanana. Sehemu zenye kiu zilionekana zina maji. Mtambo ungepita barabarani mbele ya Mitundu na wala usingesimama. Wiki nzima ningeweza kujisifu kwa mkoa wote, na watu wangeendelea kunywa na ng'ombe kwa ajili ya sifa zangu.

Bi Rukia hakusema neno la kulaumu. Aliniambia nikanyooshe mgongo, kisha nikairudie. Nilinakili mafaili safi kutoka kwenye disketi, nikautafuta ule mstari wa maelezo, nikaupeleka juu kabisa ya programu, nikairudisha makro kazini. Meneja alipopita tulikuwa tunasoma tena kutoka Sekenke, kutoka mwanzo kabisa, na safari hii hakuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe alituletea soda. Tulimaliza mchana wa siku ya tisa, na tulikuwa tumepata pia makosa matatu ya herufi ambayo hayakuwa ya mashine wala ya Bwana Mkumbo, yalikuwa ya mikono yetu. Kesho yake asubuhi Bwana Msengi akapanda basi la Dodoma na disketi mbili kwenye mfuko wa shati, moja ya akiba.

Mtambo ulikuja. Kabla haujafika, meneja aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwamba nimethibitishwa kuwa mwendeshaji wa kompyuta wa mradi, na kwamba Bi Rukia atapewa barua mwisho wa mwezi. Alitegemea nifurahi. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha na maneno mengi mazuri, na yote yakanitoka. Nilimwambia tu kwamba orodha aliyoipeleka Dodoma ilikuwa sahihi kwa sababu tulikuwa wawili, kwamba mimi peke yangu ningempa orodha ya haraka yenye uongo, na kwamba kama nafasi ni ya mtu mmoja basi mimi asinihesabu. Akaniuliza kama najua ninachokisema. Nilijua. Nilikuwa na kodi ya chumba na wadogo zangu wanaonitegemea, na nje ya ukuta ule watu wenye vyeti vingi kuliko mimi walikuwa wakiuza mitumba juani. Hakunijibu siku ile. Ilipita wiki mbili mbaya, ambazo hata chai ya asubuhi haikuwa na ladha, kisha zikaja barua mbili. Yangu ilisema mwendeshaji wa kompyuta. Yake ilisema mhakiki wa takwimu, cheo ambacho ofisi yetu haikuwahi kuwa nacho, na alikishika mpaka mradi ulipofungwa. Bi Rukia aliisoma barua yake kwa sauti, neno kwa neno, akakuta kosa moja, akalizungushia penseli.

Mwezi uliofuata, jua likiwa limeshakausha barabara, gari la mradi lilikwenda Mitundu, na meneja akatuambia tupande. Itigi tulisimama kula wali na maharage karibu na stesheni, kisha tukaingia kwenye vichaka vile vizito ambavyo barabara inapita ndani yake kama ushoroba. Tulipofika, mtambo ulikuwa umeshasimama karibu na shule, unanguruma, na kijiji kizima kilikuwa pale: Wagogo, Wasukuma na mifugo yao, akina mama na ndoo tupu. Fundi mkuu alikuwa na karatasi yenye matundu pembeni. Aliinua, akawasomea mwenyekiti na wazee mstari mmoja, jina la kijiji, kina kinachotarajiwa, na neno hakuna kwenye nafasi ya pampu. Alasiri tope likaanza kutoka, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji meupe, yakaruka juu na kutulowesha, na vigelegele vikapigwa hadi sauti ya injini ikapotea.

Mama mmoja mtu mzima, amelowa mpaka kilemba, alikuja tulipokuwa tumesimama mimi na Bi Rukia. Nikamwamkia shikamoo. Alisema ameambiwa na fundi kwamba orodha ilitoka mikononi mwetu. Alitaka kujua ni nani hasa aliyeliandika jina la Mitundu, maana siku nyingi watu wa mjini wamekuja wakaandika mambo, na jina lao halikufika popote. Nilitaka kumweleza jinsi ilivyokuwa, mashine, vitufe, mistari iliyoteleza. Bi Rukia akanisukuma kidogo mgongoni, mbele.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Na huyu ndiye aliyelisoma."